Sungusungu wa New York, bila chenga

Nyie mliozaliwa mkakuta picha ziko kwenye simu, leo mnivumilie kidogo. Nataka kuongelea mkanda wa video.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Magomeni. Braza alikuwa na kumi na tisa na kazi yake ilikuwa kuendesha deki kwenye kibanda kimoja cha video mtaani kwetu. Enzi hizo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, tulisubiri hadi 1994, kwa hiyo mwenye TV alikuwa nayo kwa ajili ya kideo tu. Kibanda chenyewe cha mabati, mabenchi ya mbao, joto la kuchemshia mayai, na mbele kioo kimoja tunakikodolea macho watu sitini. Mimi kiingilio silipi. Mdogo wa mwenye deki, nani ataniuliza?

Picha iliyokuwa inajaza watu kuliko zote ilikuwa Vigilante, aliyoiongoza William Lustig mwaka 1982. Braza aliibatiza "Sungusungu wa New York", maana sungusungu, walioanzia huko Usukumani na Unyamwezini, walikuwa gumzo hadi Dar. Na jina lilikaa. Steringi ni Eddie, fundi wa kiwandani, kachezwa na Robert Forster. Genge linavamia nyumba yake, mkewe anachomwa kisu. Mahakamani kiongozi wa genge anapewa kifungo cha nje, anatoka anacheka. Eddie anamrukia hakimu, na yeye ndiye anayefungwa, siku thelathini! Akitoka anajiunga na rafiki yake Nick, yaani Fred Williamson, ambaye na wenzake wa mtaani wameshachoka kusubiri polisi. Kuanzia hapo ni kichapo. Kibanda kinatikisika.

Kiingereza tulikuwa hatujui, Braza ndiye mkalimani. Anasimama pembeni ya TV na kijiti chake, anatafsiri. Hakimu kala mlungula, anasema. Huyu mzee wa jela ni mganga wa kienyeji, anasema. Tulimwamini kama tunavyoamini taarifa ya habari.

Ila ule mkanda, jamani! Ulikuwa kopi ya kopi ya kopi. Wanaoijua VHS wanakumbuka: kila ukinakili, picha inafifia na rangi zinatoka nje ya mistari kama mtoto kapaka. VHS hata ikiwa mpya haina uwezo mkubwa, kwa upana inatoa kama mistari 240 tu. Yetu ilikuwa na mistari mingapi anajua Mungu. Nick anapohutubia wenzake mwanzoni, kwenye giza, tulikuwa tunaisikia sauti, mtu hatumwoni. Chenga zinapita chini ya kioo muda wote, na Braza kila baada ya picha mbili anafungua deki, anapangusa hedi kwa spiriti kama nesi.

Sasa mwaka jana shemeji yangu anayeishi Marekani akaja likizo, akaniletea zawadi: diski ya 4K ya picha hiyo hiyo, pamoja na mashine ya kuichezea. Ilitolewa Desemba 2020 na Blue Underground, na hapo kuna jambo limenifurahisha sana. Kampuni hiyo ni ya Lustig mwenyewe. Yaani mzee aliyepiga picha ndiye aliyekwenda kuifukua na kuiosha. Hawakuhangaika na kopi za mitaani. Walirudi kwenye negativu yenyewe ya milimita 35, ile iliyokuwa ndani ya kamera siku wanapiga, wakaisoma upya kwa 4K.

Nikasubiri nyumba ilale, nikazima taa.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni upana. Vigilante ilipigwa kwa kioo kipana cha sinema, upana mara mbili na ushee ya urefu. TV zetu zilikuwa karibu mraba, kwa hiyo ili picha ijae kioo, walikuwa wanakata pembeni. Nimepiga hesabu: zaidi ya asilimia 40 ya picha ilikuwa inatupwa. Utoto wangu wote nimeangalia nusu picha! Kumbe mle ndani kuna New York nzima: kuta zimechorwachorwa, viwanja vitupu vimejaa vifusi, watu wamekaa vizingitini. Sehemu nilizodhani mtu anaongea na ukuta, kumbe mwenzake amesimama pembeni tangu mwanzo, na sisi tulikatiwa.

Giza nalo. Huyu Nick wa mwanzoni sasa ana uso. Unaona jasho, unaona macho, na giza nyuma yake ni giza kweli, si uji wa kijivu. Ngozi za watu zina rangi ya ngozi. Na chembechembe za filamu hawakuzifuta. Kuna kampuni zina tabia ya kusugua picha ya zamani hadi mtu mzima anafanana na mdoli wa plastiki. Hawa hawakufanya hivyo, nawapa hongera. Sauti wameitengeneza upya kwa Dolby Atmos, ambayo kwangu mimi mwenye spika mbili za kuunga unga haikuongeza kitu. Na usafi nao una hasara zake, maana damu iliyokuwa inatutisha kibandani, mle inaonekana dhahiri kuwa ni rangi.

Yule mganga wa kienyeji wa jela, nikaona kumbe ni Woody Strode, mzee wa Spartacus ya 1960. Wala si mganga, mfungwa tu, anawachapa vijana kwa mikono mitupu. Braza! Nikacheka peke yangu.

Ndipo tukafika kwa mtoto.

Eddie ana mtoto mdogo wa kiume. Kwenye mkanda wetu, genge likishaingia tu ndani ya nyumba, picha inakata, kioo kinajaa chenga, Braza anaipiga deki kofi: "Mkanda umeliwa hapa!" Picha ikirudi, mama yuko hospitalini. Nilimwuliza siku moja mtoto yuko wapi. Akanijibu kapelekwa kwa bibi yake. Basi, miaka yote nilijua yuko kwa bibi yake.

Kumbe wanamuua. Kwa bunduki, humo humo ndani ya nyumba. Diski haikuliwa popote, inaonyesha. Nikabonyeza kusimamisha, nikakaa gizani. Hasira yote ya Eddie niliyoishangilia nikiwa na miaka tisa, nilikuwa sijui imetoka wapi.

Kesho yake nikampigia simu. Nikamwambia Braza, ule mkanda haukuwa umeliwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilikuwa nabonyeza mimi."

Kila siku? Kila siku, hata siku ambazo mimi sikuwepo. Watu wazima walikuwa wanalalamika, mwenye kibanda akataka kumkata mshahara kwa kuharibu mkanda. "Wewe ulikuwa mdogo," akasema, "na tulikuwa tumetoka kumzika Hamisi."

Hamisi ni mdogo wetu. Alifariki kwa malaria mwaka 1988, ana miaka minne. Mimi namkumbuka kwa chenga tu: kaptula ya bluu, kikohozi. Braza ndiye aliyembeba hadi hospitali, na ndiye aliyembeba kurudi. Miaka thelathini na kitu hatujawahi kuliongelea, na hata siku hiyo kwenye simu tuliliongelea kwa dakika mbili, tukahamia kwenye bei ya mafuta.

Jumamosi nikamwalika. Nikamtengea kochi la mbele, yeye, mimi na mwanangu wa kidato cha sita. Braza alivaa miwani, akaisogelea TV, akaikagua picha kama anakagua gari la kununua. "Safi," akasema. "Safi mno. Haina joto." Lakini Nick alipotokea gizani na uso wake, alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Pembeni za picha akawa anazionyesha kwa kidole: yule pale alikuwepo? Na gari lile? Akaanza kutafsiri, kwa mazoea, ingawa mwanangu Kiingereza anakijua kuliko sisi wote. Hakimu bado alikuwa kala mlungula.

Genge likafika mlangoni kwa Eddie. Rimoti ilikuwa mezani kati yetu. Nikaisukuma upande wake, sikusema kitu. Akaichukua, akabonyeza, picha ikaruka.

"Baba mkubwa, mbona umerusha?" mwanangu akauliza. "Mtoto kaenda wapi?"

"Kapelekwa kwa bibi yake," Braza akamjibu. "Angalia picha."