Ladakh: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo una masharti yake, na masharti hayo huonekana wazi katika Ladakh, nchi ya milima mirefu iliyoko kaskazini kabisa mwa India. Huko hewa ni nyepesi, mvua ni haba, na maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunyweshea mashamba hutegemea theluji na barafu ya milimani. Mgeni anayefika bila kuyajua hayo aweza kuidhuru nafsi yake, na pia akamwachia mwenyeji wake kiu.

Ladakh imelala kati ya safu za milima ya Himalaya na Karakoram, na mto Indus hupita katikati yake. Tangu tarehe 31 Oktoba 2019 ni eneo linalotawaliwa moja kwa moja na Serikali Kuu ya India. Mji wa Leh uko mita zipatazo 3,500 juu ya usawa wa bahari, pungufu kidogo tu ya kituo cha Horombo wanapolala wapandaji wa Mlima Kilimanjaro. Upande wa Leh wakazi wengi ni Wabudha. Upande wa Kargil wengi ni Waislamu. Juu ya mji wa Leh limesimama jumba la kifalme la ghorofa 9, lililojengwa katika karne ya 17 enzi za mfalme Sengge Namgyal, na chini yake, sokoni, upo msikiti mkuu wa mji.

Serikali ya India iliwafungulia watalii milango ya Ladakh mwaka 1974. Mwaka huo walifika mia chache tu. Mwaka 2009 ilitoka filamu ya Kihindi iitwayo 3 Idiots, ambayo mwisho wake ulipigwa ukingoni mwa ziwa Pangong, na watu wengi wakatamani kuliona ziwa lile kwa macho yao. Kufikia mwaka 2022 wageni walizidi 500,000. Ikumbukwe kwamba sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wenyeji 274,289 tu katika Ladakh nzima.

SIKU MBILI ZA KWANZA

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya mambo ya nyumbani, yafaa sana Leh kwa ajili ya afya. Ndege kutoka Delhi, mji ulio chini sana ya Leh, huchukua kama saa moja na nusu. Msafiri huondoka tambarare asubuhi, na kabla ya adhuhuri amekwisha kufika mahali ambapo kila pumzi humpa theluthi mbili tu ya hewa safi aliyoizoea pwani. Hapana budi apumzike siku mbili kamili, asipande popote, anywe maji ya kutosha, na ajiepushe na pombe na dawa za usingizi.

Somo hili lilinunuliwa kwa gharama kubwa na watu wa majeshi. Katika vita vya mwaka 1962 kati ya India na China, askari wengi wa India walipandishwa milimani kwa haraka, na maradhi ya kimo yakawaangusha. Mwaka 1969 madaktari wa jeshi hilo walichapisha uchunguzi wao kuhusu askari 1,925 waliougua namna hiyo. Watu hao walikuwa wakakamavu waliozoea mazoezi, jambo linaloonyesha kwamba nguvu za mwili na ujana si kinga. Siku hizi askari anayepelekwa huko huzoeshwa kwa hatua, na hatua ya kwanza peke yake ni siku sita.

Raia naye yampasa kuufuata utaratibu wa aina hiyo. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Anayeziona asipande juu zaidi mpaka zimetoweka. Endapo mtu anatweta hata akiwa amekaa, anakohoa makohozi yenye povu, anayumba kama mlevi au anasema maneno yasiyoeleweka, basi maisha yake yamo hatarini. Apelekwe hospitali na ateremshwe chini mara moja, usiku usingoje mapambazuko. Wazee, akina mama wajawazito, wenye watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo au mapafu wamwone daktari kabla ya kukata tikiti.

MAJI KWA ZAMU

Leh hupata mvua na theluji ya kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka. Hata hivyo mashamba ya shayiri na bustani za aprikoti hustawi, kwa sababu watu wamejifunza kugawana. Katika vijiji huteuliwa mtu aitwaye churpon, ambaye kazi yake ni kusimamia mifereji na kumpa kila mkulima zamu yake ya maji. Choo cha asili nacho hakitumii maji kabisa. Ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni. Anayemaliza haja humwaga udongo au majivu, na mbolea ikishaiva hutolewa chini na kupelekwa shambani.

Hoteli zilipoongezeka ziliingiza vyoo vya kuvuta na mabomba ya mvua ya kuogea, na visima vingi vikachimbwa mjini ili kuzitosheleza. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa Ladakh ya leo: ndoo anayoimwaga mgeni kwa starehe na ndoo anayoisubiri mkulima kwa shayiri yake zatoka katika barafu ile ile.

Wenyeji hawakukaa wakilalamika tu. Tangu mwaka 1987 mhandisi Chewang Norphel alianza kujenga mabwawa ya barafu. Aliyaelekeza maji ya kijito mahali penye kivuli, akayapunguza mwendo kwa kuta za mawe, yakaganda majira ya baridi. Barafu hiyo, ikiwa chini zaidi kuliko ile ya vilele, huyeyuka mapema, wakati hasa wa kupanda mbegu. Mwaka 2015 Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Katika majira ya baridi ya mwaka 2013 na 2014 mhandisi mwingine, Sonam Wangchuk, alijaribu njia ya pili: maji huteremshwa kwa bomba toka mlimani, yakaruka juu kwa nguvu ya mteremko wake yenyewe, yakaganda hewani na kufanya kichuguu kikubwa cha barafu. Kwa kuwa umbo hilo hupigwa na jua kidogo, huchelewa kuyeyuka. Wenyeji hukiita stupa ya barafu, kwa kufanana na minara yao ya ibada.

Mgeni mwema basi aombe ndoo ya maji ya moto badala ya kuoga chini ya bomba, atumie choo cha asili kinapopatikana, na asifuliwe nguo kila siku. Abebe chupa yake mwenyewe na kuijaza maji yaliyochemshwa. Akina mama wa Leh walipiga kampeni hadi mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku mjini mwao mwaka 1998. Si vyema mgeni airudishe kwa mlango wa nyuma.

NYUMBA ZA IBADA NA MIPAKA

Monasteri za Hemis, Thiksey, Lamayuru na Alchi ni nyumba za ibada zinazotumika kila siku. Anayeingia avue viatu, afunike mabega na magoti, na aseme kwa sauti ya chini. Stupa na kuta za mawe yaliyochongwa sala huzungukwa kwa kuziacha upande wa kulia. Michoro ya ukutani huko Alchi imedumu kwa karne nyingi, na mwanga wa kamera huiharibu. Panapokatazwa kupiga picha, kamera ibaki mfukoni. Ngoma za vinyago za Hemis nazo ni ibada, hivyo mtazamaji asiwasukume watawa ili apate picha.

Ladakh pia ni nchi ya mpakani. Tarehe 21 Oktoba 1959 polisi 10 wa India waliuawa katika mapambano na askari wa China mahali paitwapo Hot Springs, na kila mwaka tarehe hiyo India nzima huwakumbuka polisi waliokufa kazini. Mgeni wa kigeni anayetaka kufika Pangong au bonde la Nubra sharti awe na kibali maalum, na asipige picha kambi wala vituo vya ulinzi.

KULALA KIJIJINI

Njia iliyo bora ya kumnufaisha mwenyeji ni kulala nyumbani kwake. Katika Hifadhi ya Taifa ya Hemis, familia za kijiji cha Rumbak na vijiji jirani zilianza mpango huo mwaka 2002. Hapo awali chui wa theluji alipoingia zizini na kuua kondoo, mfugaji alimwona adui. Sasa wageni huja kumtafuta chui huyo, hulipia kitanda na chakula, na sehemu ya mapato huwekwa katika mfuko wa kijiji. Mama mwenye nyumba huwaandalia unga wa shayiri iliyokaangwa na chai ya chumvi na siagi. Mgeni husalimu na kushukuru kwa neno moja, julley, na fedha yake hubaki pale pale alipolala.

Familia inayopanga safari hiyo na iweke siku zaidi na vituo vichache. Anayekimbia kuona kila ziwa kwa siku nne huumwa kichwa, huchoma mafuta mengi, na hulala katika hoteli kubwa za mjini. Anayekaa juma zima katika kijiji kimoja hupata afya, hujifunza jina la mtoto wa mwenyeji wake, na maji aliyoyatumia hayazidi zamu ya mtu mmoja. Taka zake azifunge na kuondoka nazo, kwani kule juu udongo ni baridi na kavu, na kilichotupwa leo kitakutwa na wajukuu.