Mdomo si laana: kijiko kwanza, kisu baadaye

Huenda umewahi kumwona mtoto aliyezaliwa mdomo wake wa juu ukiwa umepasuka hadi puani, nawe ukageuza macho haraka. Watu wetu huita hali hiyo "mdomo wa sungura", na jina lenyewe ni dhihaka. Hebu leo tuizungumze bila kunong'ona, kwani minong'ono imewaumiza watoto hawa na mama zao kupita kiasi.

Mimi ni mzaliwa wa Embu na dada yangu ameolewa Meru. Barabara ile inayoshuka hadi mto Thuci, ikapanda Chuka na Chogoria mpaka Nkubu na Meru mjini, naijua kona kwa kona. Ng'ambo zote mbili za mto nimesikia maneno yale yale: mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, mama alivunja mwiko, ukoo wa mama una laana. Ajabu ni kwamba baba wa mtoto hatajwi kamwe.

Ukweli ni huu. Uso wa mtoto hukua tumboni kwa vipande vinavyotoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, pengo hubaki. Wakati huo akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito! Aghalabu hakuna chanzo kimoja kinachoweza kutajwa. Kuna kurithi, ambako kwaweza kutoka upande wa baba au wa mama. Kuvuta sigara, kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa pia huongeza hatari. (Anayetumia dawa hizo asiziache kwa hiari yake, amwone daktari kabla ya kushika mimba.) Ulimwenguni, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa hivi, miongoni mwa matajiri na maskini, weupe na weusi.

Sasa nikueleze yaliyotupata sisi. Miaka michache iliyopita binti ya dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Mdomo ulikuwa mzima, tena mzuri. Lakini kila aliponyonya, maziwa yalitokea puani, na usiku kucha alikuwa akilia. Majirani wakasema maziwa ya mama ni mabaya. Katika zahanati moja aliambiwa ni mvivu wa kunyonyesha. Siku ya nane mtoto alikuwa amekonda hata ngozi ya mapaja ikakunjamana, na mama mtu alikuwa amekata tamaa.

Dada yangu aliwapakia kwenye matatu na kuwapeleka hospitalini. Muuguzi mmoja wa makamo hakuuliza maswali mengi. Alichukua tochi, akamfungua mtoto kinywa, akatuita tutazame. Kaakaa lilikuwa na tundu. Mtoto mwenye tundu hilo hawezi kuvuta ziwa, kwa sababu hewa hupenya puani. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Alikuwa akifa njaa kifuani pa mama mwenye maziwa tele.

Muuguzi yule akatufunza. Mama akamue maziwa katika kikombe safi. Mtoto akalishwe akiwa ameketishwa wima, asilazwe. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, apumzishwe, acheuliwe, kisha aendelee. Apimwe uzito kila wiki. Baada ya mwezi mmoja mashavu yalikuwa yamejaa, na majirani walikuwa wamenyamaza.

Zingatia hapo, msomaji. Wengi wetu tukimwona mtoto wa namna hii huwaza upasuaji tu, tukaanza kuulizia michango. Lakini daktari hampasui mtoto aliyedhoofika. Kwa mdomo, kanuni ya miaka mingi ni kwamba mtoto awe amefikisha wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hivi na damu ya 10. Kijiko ndicho kinachomfikisha huko. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, ili lugha isimkute na tundu.

Wa kwetu alishonwa alipopita mwaka mmoja, bila malipo. Leo yuko shule ya chekechea. Maneno machache bado hutokea puani, na masikio yake hupimwa mara kwa mara, kwani watoto hawa huugua masikio kwa urahisi. Lakini kuimba, anaimba kuwashinda wote!

Msaada huo si wa jana. Mnamo 1957 madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi shirika la AMREF, na madaktari wake wakawa wakiruka kwa ndege hadi hospitali za mbali. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, hugharamia upasuaji wa midomo na makaakaa unaofanywa na madaktari wa humu humu nchini. Hata mtu mzima aliyekosa nafasi utotoni aweza kushonwa.

Jambo la mwisho. Wapo wanaozaliwa na kidevu kidogo mno, ulimi ukarudi nyuma na kuziba pumzi. Huyo asingoje kijiko wala kesho. Akimbizwe hospitalini saa ile ile.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Basi Disemba utakapokwenda mashambani na mikate na sukari, ukasikia kuna nyumba iliyofichwa mtoto, ingia. Usiulize mama alifanya nini. Uliza kama mtoto anashiba, na kama kuna mtu aliyemtazama kinywani kwa tochi. Kisha uwalipie nauli ya hospitali.