Roboti lililogoma sebuleni

Msomaji wangu, wiki hii naomba tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mavazi. Nataka nikupe habari za roboti. Usicheke! Siyo lile la kwenye sinema linalotwanga watu ngumi. Hili langu lina magurudumu mawili ya plastiki na jingine dogo la kuburuza nyuma, na umbo lake ni kama sahani ya chapati. Kazi yake ni moja tu: kutembea sebuleni bila kugonga vitu. Gharama yake yote haikuzidi bei ya raba nzuri, kwa hiyo wenye vijiba vya roho wasiniulize hela nimetoa wapi.

Ila kwanza nikupe hali ya nyumbani, maana bila hiyo hutanielewa. Januari matokeo ya kidato cha nne yalitoka, mdogo wangu akapata Divisheni Ziro. Basi, ikawa msiba. Mama akawa anawaambia majirani eti matokeo ya shule yao yamezuiliwa. Dogo mwenyewe akajifungia chumbani, mchana kulala, usiku macho. Chakula anapelekewa. Ukimsemesha anajibu "poa", halafu kimya. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka unamwomba apumzike! Kusema kweli nilianza kumwogopea, na sikujua nimwanzie wapi.

Roboti sikulitengeneza kwa ajili yake, nisijipe sifa za bure. Mimi kibarua changu ni steshenari, na jioni tukishafunga kompyuta inakuwa yangu. Huko ndiko nilikojifunza Arduino, kile kibao cha umeme kilichoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili hata wanafunzi wasio mainjinia waweze kukichezea. Nafasi yake ya kuwekea programu ni kilobaiti 32 tu, picha moja ya simu yako haiingii. Lakini kwa kuendesha mota mbili inatosha na kubaki.

Siku ya kwanza nikaliweka chini, nikawasha. Taa zikawaka, mota zikakoroma, taa zikazima. Zikawaka tena, zikazima tena. Saa nzima ndiyo hivyo, kama mtu anayeamshwa Jumatatu asubuhi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, kama saa sita za usiku, mlango wa chumbani ukafunguka. Dogo huyo, bukta na macho mekundu.

"Braza, hilo dude linapiga kelele gani?"

Nikamwonyesha. Akachuchumaa, akalitazama weee. Mwisho akasema, "Linazima kila mota zikitaka kuanza. Kama friji ya mama mwenye nyumba ikishtuka, taa zetu zinafifia."

Jamani! Nikachukua mita ya fundi, nikapima. Kweli, mota zikianza tu, volti za kwenye ubongo zinaporomoka, ubongo unazimika na kuanza upya. Mota yoyote inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikiwa imeshashika mwendo. Halafu ile chipu ya kuendeshea mota, L298N, ni ya teknolojia ya zamani, yenyewe inakula karibu volti 2 kabla mota hazijaonja kitu. Betri nne za saa ya ukutani ni volti 6. Toa 2, unabaki na 4, na hapo betri zenyewe zinalegea. Lingetembea kwa nguvu zipi?

Tukatafuta betri za kuchaji. Zilizokuwepo madukani zimeandikwa 9,800. Muuzaji simtaji, anajijua. Betri za saizi ile, hata zile nzuri hasa, huishia kwenye 3,500 hivi. Dogo akazipeleka kwa Mangi, akazipima kwenye mizani ya sukari: betri mbili hazikufika gramu 60, wakati moja halali ina gramu 45 na zaidi. Ndani sijui waliweka nini. Tukaenda kwa fundi, akatutolea mbili kwenye laptopu mbovu, na roboti likaondoka.

Likaondoka, lakini kushoto! Unalielekeza mlangoni, lenyewe linakwenda kabatini. Hapa ndipo tulipokaa wiki mbili, na nikwambie ukweli, kwangu hizo ndizo wiki tamu kuliko zote. Dogo akasema tusishike kila kitu kwa mpigo, tubadilishe kimoja kimoja. Tukabadilishana magurudumu: bado kushoto. Basi magurudumu hayana kesi. Tukahamisha mota, ya kushoto ikaenda kulia: dude likageuka, likavuta kulia! Mwizi kajulikana. Mota hizi za bei poa, hata zikitoka boksi moja, hazilingani mwendo. Dawa yake ni kuipunguzia ile yenye mbio. Kasi kwenye programu inapangwa kutoka 0 mpaka 255, basi moja tukaiacha 200, nyenzake tukaishusha kidogo kidogo mpaka 178.

Kila jaribio lazima liandikwe: limehama vigae vingapi, kwa kasi gani. Tukakosa karatasi. Dogo akaingia chumbani, akatoka na daftari lake la fizikia, lile ambalo tangu Januari hakutaka hata kuliona. Akalifungua kurasa za nyuma, akaanza kuandika. Mama aliona. Akarudi jikoni bila kusema neno.

Usiku mmoja nikamsimulia mashindano ya magari yasiyo na dereva ya jangwa la Mojave, Marekani, Machi 2004. Njia ilizidi kilomita 220, zawadi dola milioni moja. Hakumaliza hata mmoja! Lililofika mbali zaidi, Sandstorm la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, hata kilomita 12 halikutimiza, likakwama kwenye tuta, tairi zikazunguka zikitoa moshi. Oktoba 2005 wakarudia, magari matano yakamaliza. La kwanza Stanley la Stanford, la pili Sandstorm.

"Lilelile lililokwama?"

"Lilelile."

"Waliruhusiwa kurudia?" Nikamwambia ndiyo. Hakuongeza kitu, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Jumapili shangazi akaja, yule wa kuuliza matokeo kila anapokaa. Ndiyo kwanza anashika kikombe cha chai, roboti likatoka nyuma ya kochi, likaenda moja kwa moja mpaka ndani ya kanga zake. Kelele aliyopiga ilisikika barabarani! "Ndiyo maana mtoto amefeli, mnafuga mashetani ya chuma!" Nikasema leo dogo anarudi chumbani hatoki tena.

Wapi! Dogo alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka machozi. Halafu akamwekea shangazi lekcha. Eti, shangazi, hili linasikia kama popo. Linapiga sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, sikio lako haliipati, kisha linasubiri mwangwi. Ukuta ukiwa mita moja, mwangwi unarudi kwa sehemu 6 hivi za elfu ya sekunde. Lakini kitambaa laini kinameza sauti, kwa hiyo kanga haionekani. "Kwake wewe haupo, shangazi." Shangazi akataka lirudiwe, alione vizuri.

Wiki iliyofuata dogo alimwomba mama hela ya kujiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea. Mama hakuuliza mara mbili, alizitoa kwenye kopo la unga. Mtihani ni Novemba. Roboti bado halioni kanga, na betri zikikaribia kuisha bado linavuta upande. Nilitaka kulifungua juzi nilitazame, dogo akanikataza kuligusa. Amesema hajamaliza kupima.