Baba Kaniachia Jembe, na Mimi Nilishamkana kwa Watu

Jamani, leo naandika kitu ambacho hata mchumba wangu alikuwa hakijui.

Mimi ni Mfipa, kwetu Sumbawanga. Ila miaka 6 niliyokaa Dar, nikiulizwa kwetu wapi nilikuwa najibu Mbeya. Sababu mnaijua. Ukitaja Sumbawanga tu, watu wanaanza: "Ee bwana, usituroge!" Wakati sisi wenyewe tunasema jina hilo maana yake ni "tupa uchawi". Nilichoka na utani, nikaona bora niongope.

Siku moja baba alipiga simu nikiwa na washikaji. Mmoja akauliza ni nani. Nikamjibu, "Mshua, yuko Mbeya." Simu nilikuwa nimeshapokea. Baba alisikia, na hakuwahi kuniuliza.

Mwaka jana mwezi wa sita akafariki, baridi ya Ufipa ikiwa kali hasa. Baada ya matanga kikao cha ukoo kikakaa. Kaka akapata shamba la mahindi, dada akapata ng'ombe. Mimi nikapewa sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha baba. Kiukweli niliogopa kulifungua. Yaani mimi mwenyewe nikawaza uchawi!

Ndani kulikuwa na jembe. Jeusi, zito, halijawahi kutiwa mpini.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Babu yake baba alikuwa anayeyusha chuma. Wafipa walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, hewa inaingia yenyewe kwa matundu ya chini, mawe yanatoa chuma. Majembe waliyofua yalitolewa hadi mahari, kabla ya majembe ya dukani kuua kazi hiyo.

"Baba yako alisema hili ni lako, mwanangu," akaniambia, "maana wewe peke yako hujaoa. Siku ukienda kuposa ulipeleke, wakwe wajue umetoka wapi."

Nililia pale kuliko siku ya mazishi.

Nilirudi Dar kwa basi, jembe nimelipakata. Nikaenda nalo moja kwa moja kwa mchumba wangu, nikalilaza mezani, nikamwambia kila kitu. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo ndiyo maana hukutaka niende msibani?"

Nikasema ndiyo.

Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe. Ila jembe bado liko sebuleni kwake, hajanirudishia.

Wadau, ingekuwa nyie mngefanyaje?