Makasha Manne Baharini

"Joe Versus the Volcano" ilitoka Marekani mwaka 1990 na ikapita kimyakimya. John Patrick Shanley, aliyeiandika na kuiongoza, alikuwa ametwaa Oscar kwa mswada wa "Moonstruck", na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza. Wakosoaji wengi waliiponda. Roger Ebert alikuwa mmoja wa wachache walioisifu. Shanley hakuongoza filamu nyingine ya sinema mpaka "Doubt" ya mwaka 2008. Katika hiyo ya 1990 ndimo Tom Hanks na Meg Ryan walipoigiza pamoja kwa mara ya kwanza, ila ukiwauliza watu watakutajia "Sleepless in Seattle", iliyokuja miaka mitatu baadaye.

Sisi Dar es Salaam hatukuwa na habari na hayo. Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, na hata baada ya hapo burudani ya jioni kwa mwenye deki ilikuwa kukodi mikanda. Nyumba niliyopanga Magomeni ilikuwa na deki moja, ya mwenye nyumba, na Jumamosi usiku wapangaji tulijazana sebuleni kwake. Mkanda huu ulikuwa umenakiliwa na kunakiliwa mpaka rangi zikachujuka. Mzee aliuchukua kwa sababu ya volkano iliyochorwa kwenye jalada, alitegemea milipuko. Filamu ilipofika katikati, vijana wote walikuwa wameshatoka kwenda kupiga soga barazani. Nilibaki mimi na mke wa mwenye nyumba, ambaye alikuwa anachambua mchele wa kesho yake na macho yake hayakuwa kwenye kioo.

Mimi nilinaswa na ile ofisi ya mwanzo. Joe anafanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali, chumba hakina dirisha, taa za mirija zinanguruma na kumfanya kila mtu awe na rangi ya maiti, na bosi wake yuko kwenye simu akirudia sentensi ileile kwa mtu asiyemwelewa. Joe analeta taa ndogo ya mezani yenye picha za wacheza ngoma, apate angalau kitu cha kutazama. Bosi anamwamuru aizime. Nilicheka mpaka mama wa mchele akainua kichwa. Wakati huo nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya chini, nyuma, na dirisha lake pekee lilizibwa na kabati la mafaili. Kutwa nzima nilikuwa nakagua hati za shehena: jina la meli, idadi ya makontena, uzito, bandari ilikotoka. Durban, Mumbai, Jebel Ali. Meli zenyewe sikuziona, nilizisikia tu zikipiga honi.

Nilizaliwa Iramba, na huko maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya lambo. Nilipokuja Dar nilikwenda ufukweni kama wageni wote, nikala mihogo, nikapiga picha na viatu mguuni. Kisha tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Ofisini kwetu kulikuwa na kijana aliyepoteza ndugu. Tangu hapo hata pantoni ya kwenda Kigamboni, safari ya dakika chache, nilikuwa naipanda huku nimeshika chuma kwa mikono miwili. Hakuna aliyenishangaa. Mtu wa bara kuogopa bahari ni jambo la kawaida, na nikajiambia nitaishi hivyohivyo.

Filamu nayo niliisahau, ila ile taa. Nilinunua ya kwangu Kariakoo, ya plastiki, nikaiweka mezani. Bosi wetu hakusema neno.

Miaka ikapita. Nikahama kampuni, nikapandishwa cheo, nikapata ofisi yenye dirisha. Mikanda ikatoweka, zikaja diski. Mnajua zile za mitaani, moja ina filamu kumi na kitu za mwigizaji mmoja, picha zake zimebanwa kwenye jalada kama abiria wa daladala? Machinga mmoja aliniuzia ya Tom Hanks. "Forrest Gump" ilikuwa juu, "Philadelphia" pembeni yake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Joe. Nikaanza na hiyo.

Safari hii sikuiona ilivyokuwa. Nilichokicheka zamani kilipita haraka. Daktari anamwambia Joe kwamba ana wingu kwenye ubongo, halina dalili, halina maumivu, na amebakiwa na kama nusu mwaka. Joe anaacha kazi siku hiyohiyo. Tajiri mmoja, Graynamore, anamfuata nyumbani na kumpa kadi za benki atumie atakavyo, mradi mwishoni aende kisiwa cha Waponi Woo akajirushe kwenye volkano, maana watu wa huko wanataka mtu wa kafara na tajiri anataka madini yao.

Kabla ya safari kuna kipande cha New York. Joe amekodi gari lenye dereva, anamwuliza dereva amshauri nguo za kununua. Dereva ni Ossie Davis. Sinema za Marekani zimejaa madereva weusi wanaoitikia ndiyo bwana, huyu anakataa. Anamwambia, kwa maneno yangu, kwamba nguo zinategemea mtu ni nani, na hilo hawezi kumjibia. Kisha anamhurumia, anampeleka madukani. Baadaye nilisoma kwamba Davis ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga Malcolm X kwenye mazishi yake mwaka 1965, nikaelewa ile sauti alikoitoa.

Na makasha. Joe anaingia duka la mabegi, na muuzaji anazungumzia makasha kama sheikh anavyozungumzia akhera. Joe ananunua manne, makubwa, yasiyoingiza maji. Kimbunga kinapoizamisha mashua inayompeleka kisiwani, makasha yanaibuka. Anayafunga pamoja yakawa chelezo, anamlaza juu yake Patricia aliyezirai, binti wa yule tajiri, na yeye anakaa hapo siku nenda siku rudi. Maji ya kunywa anampa Patricia kwa kifuniko kidogo, yeye hanywi. Anafungulia redio, anacheza dansi. Usiku mmoja, amekauka midomo na kichwa hakiko sawa, mwezi unachomoza mkubwa kupita kiasi, naye anasimama kwa shida, anainua mikono na kumshukuru Mungu kwa uhai wake.

Niliirudisha nyuma sehemu hiyo mara kadhaa. Kilichonigusa si mwezi. Huyu ni mtu aliyekuwa anaogopa kila ugonjwa, ameketi katikati ya bahari juu ya mizigo, na hana hofu. Tena wingu la ubongo lilikuwa uongo. Daktari alilipwa na Graynamore. Joe alikuwa mzima tangu siku ya kwanza. Mshahara aliouacha, mwanamke wa ofisini aliyemwalika chakula cha jioni, vyote angeviweza bila daktari. Alichokosa ni ruhusa, na ruhusa yenyewe ikaja ya bandia. Nikajiuliza mimi nasubiri ya nani.

Sitaki mtu adhani naitukuza. Waponi wanaudhi. Ni watu wa kisiwa walioundwa kwa kuchanganya Wapolinesia, Waselti, Wayahudi na Warumi, wanapenda soda ya machungwa kuliko kitu chochote, na kazi yao ni kuchekesha. Ukikaa pwani hii, ukawajua Watumbatu na Wabajuni na elimu yao ya pepo na nyota, unaona kwamba Shanley alimpa kila mtu roho akawanyima watu wa kisiwa. Meg Ryan alipewa nafasi tatu. Kwa Waponi hakuna hata mmoja unayeweza kumkumbuka kwa jina. Mwanangu alipoiona alikasirika, na sikuwa na la kumtetea Shanley.

Lakini wiki ileile niliyoitazama ile diski nilimpigia simu mtoto wa kaka yangu anayeishi Kigamboni. Nikamwambia anifundishe kuogelea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Shangazi, kuna nini?" Nikamjibu hakuna.

Alinipangia saa kwa kufuata maji, si kwa kufuata nafasi yangu. Siku za maji mafu tu, alisema, bamvua tuwaachie wenyewe. Nilikwenda alfajiri na taitsi, shati la mikono mirefu na kilemba, kabla watu hawajawa wengi. Kwa muda mrefu hakunifundisha kupiga mkono wala mguu. Alinitaka nilale chali tu. "Shangazi, legeza shingo. Usiyapige, yatakubeba." Shingo haikulegea. Kila sikio lilipoingia maji niliketi ghafla, nikanywa chumvi, nikakohoa, na wavuvi waliokuwa wakivuta dau walijifanya hawaoni. Siku niliyoelea sikujua kama naelea. Nilijua pale niliposikia sauti yake inatoka mbali, amekwishaniachia. Masikio yalikuwa ndani ya maji na nilisikia mchanga ukisogea chini yangu, sauti ndogo ya kukwaruza ambayo sijaisikia mahali pengine popote.

Kuogelea kwenyewe kulikuja polepole na bado si kuzuri. Naweza kutoka kwenye kina cha kifua hadi kwenye dau lililotia nanga na kurudi. Nimeshavuka kwenda Unguja kwa boti, nikakaa nje, nikatapika kama wengine. Kazi sikuiacha. Watu wakisikia habari ya filamu hii hutegemea niseme niliacha, lakini naipenda kazi yangu, na siku hizi nikikagua hati za meli iliyotoka Jebel Ali nashuka gatini kuitazama ikifunga kamba, jambo ambalo halimo kwenye majukumu yangu na linawakera wasimamizi.

Wanawake wenzangu wa ofisini waligundua. Sasa siku za maji mafu zikiangukia Jumamosi tunavuka watatu au wanne, mtoto wa kaka yangu anatufundisha wote na analalamika kwamba hatusikilizi. Mmoja wao, mhasibu, alitaka kuiona hiyo filamu iliyoanzisha mambo. Nikampa ile diski. Alinirudishia Jumatatu na kusema alilala kabla mashua haijazama, kisha akaniuliza kama kilemba cha pamba kinafaa au kitakuwa kizito kikilowa.