Mtoto wa Kinsevere na Barafu

Baba mmoja wa Kinsevere, mchimbaji wa shaba, alimpeleka binti yake wa miaka 5 Bruxelles kumsalimu mama yake mdogo. Mama mdogo akawanunulia tikiti (ghali kweli!) za Holiday on Ice, mchezo wa barafu ulioanza Marekani. Mtoto alijua barafu ya frigo tu.

«Baba, haitayeyuka?»

«Hapana. Chini yake mna mabomba yenye baridi kali.»

Wachezaji wakateleza kwa viatu vyenye chuma chembamba. Mara msichana mmoja akaanguka. Watu kimya! Mtoto akalia, akataka kumwendea. Baba akamshika nguo. Msichana akainuka, akateleza tena. Watu wakapiga makofi, mtoto hakupiga.

Usiku, kitandani, akauliza: «Baba, nani amempaka dawa magotini?»