Barua kutoka Colorado: Mjomba, Usiicheke Roketi Yangu

Nina ugomvi na mjomba wangu wa Ngomeni, pwani ya Kenya, na kwa kuwa umeshindikana kuisha kwenye simu, nimeuleta kwenu wasomaji wa nyumbani muuamue. Nilituma video fupi kwenye kundi la ukoo: mimi na binti yangu tuko uwanjani, tunahesabu kinyume, mara kidude kinachomoka na moshi wake na kutokomea angani. Mjomba akajibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa. "Mwanangu, mimi nimeona roketi za Wataliano zikipanda hapa baharini. Wewe Amerika yote hiyo umekwenda kurusha njiti?"

Basi niwaeleze hiyo njiti. Inaitwa Mosquito, yaani mbu, na inauzwa na kampuni ya Estes iliyoko Penrose, mji mdogo wa huku Colorado. Ndani ya pakiti mna bomba la karatasi ngumu, fupi kuliko kalamu, pua iliyochongoka, na mapezi ya balsa, mbao laini ambayo hata ukucha huiachia alama. Unapiga msasa, unapaka gundi, unanyoosha mapezi yasiende upande, kisha unangoja ikauke. Roketi kubwa zaidi hushuka kwa parachuti. Hii haina. Ni nyepesi kiasi kwamba moto ukiisha huanguka ikibiringika na kutua nyasini nzima. Kuipata ndiyo kazi. Jina limeikaa vizuri: mlio wake unausikia, yenyewe huioni.

Injini yake ni kidude cha karatasi chenye baruti iliyoshindiliwa kiwandani. Hutumika mara moja tu. Ubavuni kimeandikwa, kwa mfano, A3-4T. Herufi inaonyesha nguvu yote iliyomo, na kila daraja linaweza kubeba maradufu ya lile lililotangulia: B mara mbili ya A, C mara mbili ya B. Hiyo 3 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Hiyo 4 ni sekunde za kungoja baada ya msukumo kuisha, kabla ya mripuko mdogo ambao katika roketi nyingine ndio unaofungua parachuti. T ni saizi ndogo. Binti yangu anayasoma hayo kama anavyosoma bei dukani, na hakuna mwalimu aliyemkaririsha.

Sasa sikilizeni mchezo huu ulikotoka. Mwaka 1954 kulikuwa na muuza viatu huko Norfolk, Nebraska, Orville Carlisle, mpenzi wa fataki. Yeye na ndugu yake Robert wakatengeneza roketi ndogo ya kurushwa na kurudi salama. Miaka mitatu baadaye Warusi wakarusha satelaiti ya Sputnik, na vijana wa Marekani wakapandwa na wazimu wa roketi. Walikuwa wakichanganya baruti nyumbani na kuijaza kwenye mabomba ya chuma, na wapo walioumia vibaya. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, tayari alikuwa ameandika makala juu ya hatari hiyo. Carlisle akaisoma, akampelekea roketi zake. Hapo ndipo mchezo huu ulipozaliwa. Baadaye Vern Estes akaunda mashine ya kushindilia injini, akaiita Mabel, ili mtoto asiguse tena baruti kwa mkono wake.

Hilo ndilo ninalotaka mjomba alisikie. Watoto walikuwa wanacheza na moto, na watu wazima hawakuishia kuwafokea. Walikaa chini wakaandika kanuni: hakuna chuma kwenye bomba, pua wala mapezi, huwashi kwa kiberiti bali kwa waya na betri, unasimama umbali wa mita tano kwa injini ndogo, unahesabu kwa sauti, isipowaka unachomoa ufunguo na kungoja dakika nzima kabla ya kuikaribia. Kisha wakasimama uwanjani pamoja na watoto.

Kwetu je? Mtoto wa Malindi anaunda gari la waya lenye usukani unaogeuka, anarusha tiara inayopita minazi, na ni mzazi gani aliyewahi kumuuliza umefanyaje? Akifungua redio aone sauti inatoka wapi, anachapwa. Huku baba anainama kushika gundi. Kwetu baba anapita na kusema ondoa takataka zako. Halafu mtoto huyohuyo akifika kidato cha tatu tunampa kanuni ya tatu ya Newton aikariri, tunashangaa anapofeli.

Sisemi Wamarekani ni malaika. Watoto wengi wa huku wamezama kwenye simu, na uwanjani mara nyingi nakuta wazee wenye mvi wakicheza peke yao. Lakini wazee hao ukiwauliza swali wataacha vyao wakueleze mpaka uombe kwenda nyumbani.

Wapo mlioniandikia niwaletee injini. Sileti. Ni baruti, na hapa Marekani hairuhusiwi kwenye ndege, iwe begi la mkononi au la chini. Na tafadhali, asitokee kijana wa kukwangua vichwa vya kiberiti, maana huko ndiko vidole vilikopotea. Tumieni maji. Chukueni chupa ya soda, si ya maji ya kunywa, kwa sababu ya soda imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Bandikeni mapezi ya kadibodi, jazeni maji theluthi moja, zibeni mdomo kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa sindano ya pampu, igeuzeni mdomo chini kwenye kiegemeo imara, mpige pampu kwa mpira mrefu mkiwa mbali. Asiiinamie mtu. Newton atajieleza mwenyewe, na kila mtu atalowa.

Kisha niwaambie kinachoniuma. Mjomba hadanganyi. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni. Mjomba alikuwa mtoto wakati ule. Wajukuu zake wanajua majina ya wachezaji wa Arsenal mpaka wa akiba, lakini nilipowauliza kuhusu Uhuru waliniambia ni bustani ya Nairobi. Wakati huohuo vijana wa chuo cha JKUAT kule Juja wanaunda roketi zao, mradi wameuita Nakuja, na Juja haina hata bahari.

Kwa hiyo mjomba, nicheke upendavyo. Chupa za soda zimejaa dukani kwako na pampu ya baiskeli unayo. Waite wajukuu Jumamosi, ushike gundi wewe mwenyewe, na wakati inakauka wasimulie zile roketi ulizoziona.